Kiporo cha nyama iliyokauka: yasemwayo na yaliyo kweli

Nyama ikipitiliza motoni, washauri hawakosekani. Mmoja atakwambia uirudishe sufuriani, mwingine uilaze kwenye ndimu, wa tatu umpe paka. Miaka mingi niliwasikiliza wote, na paka ndiye aliyefaidi. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba nyama iliyokauka haiwi tena ile uliyokusudia kuipika, lakini inaweza kuwa kitoweo kingine kabisa, na kitamu.

“Ichemshe tena, maji yatarudi.”

Dhana hii imemalizia nyama nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka. Karibu robo tatu ya mnofu mbichi ni maji, yamekaa katikati ya nyuzi za protini. Joto likipita nyuzijoto 60, nyuzi hizo hujikaza kama mikono inayokamua nguo, na maji huchuruzika nje. Maji yakimwagika hayazoleki: protini iliyokwisha kujikaza haifunguki kwa kuogeshwa. Kidari cha kuku kilichokauka ukikitokosa saa nzima ndani ya supu kitatoka kimelowa nje, huku ndani kikiwa kama pamba. Kila dakika ya kutokota inazidi kukamua.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, ukavu na ugumu. Nyama ya shingo au ya muundi ina tishu nyeupe nyingi za kolajeni (protini ngumu inayoshikilia nyama pamoja), na hizo huanza kuyeyuka taratibu kuwa jelatini, yaani ute laini unaonata, joto likipita nyuzijoto 70 na likidumu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo nyama ya namna hiyo ikikuvuta meno kama mpira, usiseme imepikwa kupita kiasi, maana haijaiva bado. Chukua uma uivute: ikinyumbuka na kurudi, ongeza maji, funika, punguza moto, uipe saa nyingine moja au mbili. Uzi ukichomoka kirahisi lakini ukawa mkavu mdomoni, moto umeshafanya kazi yake na zaidi. Kidari na sarara hazina kolajeni ya kutosha, basi usizipeleke huko.

“Kosa lilikuwa kutoikaanga nje kwanza ili kufungia maji ndani.”

Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840, na halijafa mpaka leo, ingawa si kweli. Ule mlio wa chwaa unaousikia nyama ikigusa kikaango ni maji hayohayo yakitoka na kugeuka mvuke. Kukaanga kunaleta rangi na ladha, basi.

“Papai au ndimu ya usiku kucha itailainisha.”

Kimeng’enya cha papai bichi hukatakata protini kweli, ila hakirudishi hata tone la maji. Kwenye nyama iliyokwisha iva utapata ngozi ya ujiuji juu na ukavu uleule chini. Ndimu nayo haipenyi mbali. Iweke kando, ukamulie mwishoni chungu kikiwa kimeshateremshwa. Uchachu kidogo huamsha nyama iliyopooza kuliko kijiko kizima cha chumvi.

Kinacholainisha ni kisu. Itazame nyama kwenye mwanga uone nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikingama, vipande vyembamba vya milimita tatu hivi. Uzi mrefu ndio unaochosha taya. Ukishaukata mfupi, meno hayana cha kuhangaika nacho.

Mara ya mwisho kunitokea, kidari cha kuku kilisahaulika kwenye oveni nikiwa kwenye simu. Kilitoka kigumu, pembeni kimeungua. Palipoungua nilipakata nikatupa, kwa sababu uchungu wa mkaa hauishi, unasambaa kwenye mchuzi wote. Kilichobaki nilikikata kama nilivyosema, nikakiweka pembeni, nikapika mchuzi kana kwamba nyama haipo: vitunguu kwa moto mdogo mpaka vikawa rangi ya asali, kitunguu saumu, nyanya mpaka mafuta yakaelea, kikombe cha supu ya mifupa. Supu ya mifupa ina jelatini ile niliyoitaja, na ndiyo inayoupa mchuzi uzito wa kunata midomoni. Nyama iliingia mwisho kabisa, mchuzi ukiwa unachemka, ikakaa dakika tatu nne, nikazima. Maji nyuzi hazikuyanywa, lakini kila kipande kilikuwa kimevikwa mchuzi, na ulimi haukujua tofauti. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza na nyama na kumalizia na nyanya, halafu wanashangaa.

Ikiwa kavu kiasi kwamba hata mchuzi hauifichi, ichinyange iwe chembechembe. Changanya na viazi vilivyopondwa mara mbili ya nyama, vitunguu vilivyokaangwa pamoja na mafuta yake yote (usiyabane, nyama hii inayahitaji), majani ya giligilani na pilipili. Finyanga katlesi, chovya kwenye yai, kaanga. Viazi hubeba unyevu ambao nyama haina tena.

“Imepoteza ladha, ongeza viungo na chumvi.”

Onja kwanza. Nyama ya jana tayari ina chumvi, na mchuzi ukipungua chumvi inakolea. Ile harufu ya kiporo, kama kadibodi, inatokana na mafuta ya nyama kuingiliana na hewa, yakichochewa na madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Viungo vitaifunika kidogo tu. Njia bora ni kuikinga: ihifadhi imezama kwenye mchuzi, ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri, badala ya kuiacha wazi kwenye sahani.

“Hata ikilala mezani, moto utaua kila kitu.”

Hili silifanyii mzaha. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, hata kama wenyewe wamekufa. Nyama iliyopikwa isizidi saa mbili nje, na kukiwa na joto kali, saa moja. Kwenye friji ya chini ya nyuzijoto 5 ina siku tatu hadi nne. Ukiipasha, katikati ifike nyuzijoto 74, na kama huna kipimajoto, ihakikishe inatoa mvuke mpaka ndani. Wala usisubiri ipoe kabisa ndipo uiweke kwenye friji. Igawe kwenye vyombo vifupi, vipana, mvuke mwingi utoke, kisha iingize ikiwa bado vuguvugu. Friji haitaharibika.