Maziwa Hayaoshi Mapafu

Karibu kila wiki naletewa welda au kibarua wa saruji kutoka Changamwe, hapa Mombasa, anakohoa mpaka anashika mbavu. Nikimuuliza anajikinga vipi kazini, jibu ni lile lile: "Daktari, maziwa sikosi." Wanaamini maziwa huosha vumbi na moshi kifuani.

Maziwa huenda tumboni. Vumbi huenda mapafuni. Chembe za silika, madini ya mchanga na mawe, zinazofika kwenye vifuko vya hewa ni ndogo kuliko mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hakuna kinywaji kinachozifikia huko. Hukaa, hutia makovu, na kovu la pafu halifutiki.

Najua kwa nini imani hii haifi. Anayechomelea mabomba yaliyopakwa zinki huvuta moshi wake, na jioni hushikwa na homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni. Hudhani ni malaria. Anakunywa maziwa, analala, na baada ya siku moja au mbili amepona. Angepona hata bila kunywa kitu, kwani homa hiyo huisha yenyewe! Mwili huizoea zinki katikati ya wiki, ukaisahau wikendi, ndiyo maana Jumatatu homa hurudi. Lakini manganizi na kromiamu, metali nyingine zilizomo kwenye moshi huo, hazikuonyi kwa homa, na tangu 2017 wataalamu wa saratani wa WHO wanauhesabu moshi wa kuchomelea kuwa kisababishi cha saratani.

Fundi wa betri ndiye hunitoa jasho. Anairarua pakiti ya maziwa kwa meno, mikono ingali na vumbi la risasi, ile metali ya ndani ya betri. Huyo anateremsha sumu kwa maziwa. Na mwajiri anayegawa pakiti badala ya barakoa anajua vizuri kwamba Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai vifaa vya kujikinga.

Eti upepo wa bahari unaupeperusha moshi? Umeinamia kazi, moshi unakupita usoni kwanza. Leso mdomoni huzuia chembe kubwa, zile ambazo pua ingezinasa. N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, ni nzuri, ila ndevu zikiingia chini ya ukingo wake hewa hupita pembeni. Na "hainuki" si hoja: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na gesi ya haidrojeni salfaidi ikizidi hutia pua ganzi.

Iondoe zinki kwa kuisaga pale utakapochomelea, nawe umevaa barakoa. Weka kichwa kando ya moshi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Na ovaroli, tafadhali, msizipulize kwa kompresa. Zivueni kazini, zisifike kwa watoto.