Mama mwenye nyumba kapewa mapigo

Nimeisikia tena, safari hii kwa kijana ninayemfundisha kuanguka: “Mwalimu, muvi za kung fu za Hong Kong hazina uwakilishi. Wote Wachina, wote vijana wa kiume wenye vifua.” Haya, niiandike, nikiulizwa tena nitume linki.

“Wote Wachina” nalipitia mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kikantoni kilikuwa karibu kutoweka kwenye sinema za Hong Kong, mji ambao wakazi wake wengi wanakizungumza. Kampuni ya sinema ya Shaw Brothers ilitengeneza muvi kwa Kimandarini, na hata Bruce Lee, aliyekulia palepale, katika muvi zake za mwanzo za kung fu za Hong Kong aliwekewa sauti ya Kimandarini. Kilichokirudisha Kikantoni mwaka 1973 ni kichekesho cha wapangaji wanaosongamana kwenye nyumba moja, The House of 72 Tenants, na pale Hong Kong kiliingiza fedha nyingi kuliko Enter the Dragon ya Bruce Lee. Watu walilipa kusikia lugha ya nyumbani kwao. Huo si uwakilishi?

Stephen Chow aliuchukua ua ule wa wapangaji akautia kwenye Kung Fu Hustle, 2004, muvi aliyoiongoza na kuwa steringi wake. Hapa ndipo ninapokasirika, maana mimi kazi yangu ni kupanga mapigano na sihesabu sura kwenye bango. Natazama nani kapewa pigo, nani kaachiwa alimalize mbele ya kamera, na nani yupo ili apigwe tu.

Mwenye mapigo mazito ni mama mwenye nyumba. Rola kichwani, sigara mdomoni, gauni la kulalia, anawakatia wapangaji maji bila huruma (yupo asiyemjua?). Aliyemcheza ni Yuen Qiu, wakati huo kavuka miaka 50, aliyefunzwa tangu utotoni kwenye shule ya opera ya Kipeking iliyowatoa Jackie Chan na Sammo Hung. Mumewe kwenye muvi ni Yuen Wah, aliyewahi kuruka na kuanguka badala ya Bruce Lee. Wazee wawili hao! Steringi mwenyewe anachezea kichapo karibu muvi nzima. Na huyo mama akipigana, mwili wake haufichwi wala haubanwi ili upendeze: kishindo kinatokana na uzito wake, na aliyepanga mapigano kautumia. Sisi huku mwanamke wa umri huo tunampa sinia la chai na mstari mmoja wa kumlilia mwanawe.

Fundi cherehani ananipa shida. Kachezwa na Chiu Chi-ling, bwana wa kweli wa Hung Gar, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China. Anatembea kwa madaha, sauti nyembamba, na wenzake wanamdhihaki kwa hilo. Ukumbini watu wanacheka, na sina uhakika wanacheka naye au wanamcheka. Ila tazama anapovaa pete zake za chuma: miguu imeshika ardhi, nguvu mikononi, kusini kabisa. Hakuna aliyeligeuza pigo lake kuwa mzaha. Aliyepanga angetaka kumdhalilisha angemvurugia miguu, ni rahisi mno, nimeona wenzangu wakifanya. Hakufanya. Kisha muvi inamuua, pamoja na mabingwa wengine wawili wa uani, na hapo wasiwasi wangu unarudi: heshima ya dakika chache halafu kaburi, ndiyo heshima gani?

Na Fong, muuza aiskrimu aliyechezwa na Huang Shengyi, ni bubu. Kazi yake ni kukumbuka, kusikitika na kusubiri. Muvi iliyompa mwanamke mmoja sauti ya kusambaratisha ukumbi wa kamari imemnyima mwingine hata neno. Nimewahi kuitetea kwamba ni heshima kwa sinema bubu za zamani. Nikiitazama kama mpanga mapigano, utetezi unaniishia. Ningekuwepo kwenye seti ningeomba apewe walau kibao kimoja, na kijiti cha aiskrimu kingetosha kuwa silaha.