CT-Scan au MRI? Kipimo cha kichwa hutegemea swali la daktari

Wagonjwa wengi hufika idara ya radiolojia wakiwa wameshaamua: "Nataka kile kipimo kikubwa cha kichwa." Wanamaanisha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na wengine ukoo mzima umechanga ili kuilipia. Kwetu hakuna kipimo kikubwa wala kidogo. Kuna swali ambalo daktari anataka lijibiwe, na kila mashine ina maswali inayoyaweza.

Tuchukue kiharusi. Mzee mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno hayatoki. Huenda mshipa umeziba, huenda umepasuka na damu inavuja ndani ya ubongo. Daktari hawezi kutofautisha hali hizo kwa uhakika kwa kumtazama tu, na matibabu yake yanapingana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ukimpa mwenye damu inayovuja, unaweza kumuua. Ndiyo maana ndugu huulizwa mlangoni: mara ya mwisho mmemwona mzima saa ngapi?

Hapo inatakiwa CT-Scan, mashine inayotumia eksirei kupiga picha za ubongo wenyewe, tena haraka. Upigaji wenyewe huchukua dakika chache, na damu iliyotoka kuvuja huonekana nyeupe katikati ya ubongo wa kijivu. Lakini mshipa ukiwa umeziba, saa za mwanzo picha inaweza kutoka safi kabisa. Ndugu husikia "CT haina kitu", wakashukuru Mungu na kutaka kurudi nyumbani na mgonjwa. Hapana. Picha ile haijasema hana kiharusi. Imesema haionyeshi damu iliyovuja, na hilo ndilo daktari alilouliza.

Zamani hata hilo halikuwezekana, kwa kuwa eksirei ya kawaida huonyesha fuvu, si ubongo wenyewe. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT-Scan ya kichwa alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, jijini London, Oktoba 1, 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. CT-Scan moja ya kichwa huwa na mionzi ya takribani milisivati 2, karibu sawa na ile tunayoipata kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Si ya kuogopa ikihitajika, ila mjamzito atuambie mapema.

MRI haina mionzi hiyo. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Uvimbe mdogo, shina la ubongo, uti wa mgongo na mizizi ya neva huonekana vizuri zaidi humo. Sumaku yake haizimwi hata usiku, na mtungi wa oksijeni ukiingizwa kwa bahati mbaya huruka. Kwa hiyo tunapouliza kuhusu betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, au kipande cha chuma jichoni kwa fundi wa kuchomelea, hatumchunguzi mtu maisha yake. Tunauliza pia kuhusu hirizi, chupio na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Ukishalala ndani, mashine hugonga kwa kelele kubwa, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 45. Ukijitikisa, picha inaharibika.

Nayo pia ina mipaka. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI ya mgongo hukutwa na diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zilizotokeza, hivyo diski kuonekana kwenye picha haithibitishi kwamba ndiyo inayouma. Mwenye kifafa anaweza kuwa na MRI safi; umeme wa ubongo hupimwa kwa EEG. Ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari huhitaji zaidi kipimo cha jinsi neva zinavyopitisha umeme. Na mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na kichwa kikubwa, maadamu utosi haujafunga, mara nyingi huanza na ultrasaundi tu, isiyo na mionzi wala dawa ya usingizi.

Jambo moja linatusaidia kuliko wengi wanavyodhani: njoo na picha zako za zamani, iwe filamu au CD, pamoja na majibu yake. Uvimbe uliokuwepo miaka 5 iliyopita na haujaongezeka hushughulikiwa tofauti kabisa na uliojitokeza mwaka huu.