Mwanga wa Ghala Haupimwi kwa Wati

Malalamiko ya wenye maghala, kumbi na supamaketi jijini Dar es Salaam kuhusu taa za LED zinazofifia, kupepesa au kuungua mapema yameongezeka kiasi cha kutulazimu kutoa ufafanuzi huu. Mengi huanzia dukani, ambapo mnunuzi huuliza wati na bei, kisha akalipa.

Wati huonyesha umeme unaotumika, basi. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na unaofika sakafuni hupimwa kwa laksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Njia za ghala zinazopitwa na watu zinahitaji laksi 150, na sehemu ya kufungashia mizigo laksi 300. Ghala la mita za mraba 600 linalohitaji laksi 150 lipate lumeni 90,000 sakafuni. Lakini kwa kuwa rafu, kuta na vumbi hupoteza sehemu kubwa ya mwanga, ni busara kuzidisha hesabu hiyo mara mbili, iwe lumeni 180,000, kiasi kinachotoshelezwa na taa kumi za wati 150 zinazotoa lumeni 130 kwa kila wati. Kwa taa zilizofungwa kwenye kimo cha mita kumi, pembe ya mwanga iwe digrii 60 hadi 90, kwani ya digrii 120 itaangazia zaidi kuta na vichwa vya rafu.

Bado wapo wanaoshikilia kwamba LED haitoi joto. Inatoa, na chini ya mabati ya Vingunguti wakati wa mchana joto hilo hukosa pa kwenda, hivyo drayva, kifaa kinachoilisha LED umeme unaoifaa, ndiyo hufa kwanza. Taa iwe imethibitishwa kufanya kazi katika nyuzi joto 50, na iwe na kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla.

Ikumbukwe kuwa kazi ya ufungaji hufanywa na fundi au mkandarasi mwenye leseni hai ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi husika, na kwamba kufunga bila leseni ni kosa kisheria hata kama taa zinawaka vizuri. Nakala ya leseni ichukuliwe kabla ya malipo ya awali. Aidha, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, bidhaa isiyokidhi kiwango cha lazima inaweza kuzuiwa kuuzwa na hata kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, kwa hiyo mnunuzi adai ushahidi wa ubora unaotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na atunze risiti pamoja na hati ya dhamana yenye namba ya toleo la taa.