Je, wajua? Betri ya ukubwa wa sarafu inaweza kukufungia nje ya VPN

Mjomba wangu hutunza hesabu za kampuni ndogo ya usafirishaji, na kazi hiyo huifanya nyumbani kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Windows 7, iliyotoka kwenye ofisi moja Uingereza. Kufika kwenye seva ya kampuni ni lazima apitie VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Asubuhi moja alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka, halafu akamwaga malalamiko mawili: VPN imegoma siku ya tatu sasa, na mafaili anayoyahifadhi yanapotea. Nenosiri lilikuwa sahihi, bando lilikuwepo, na VPN hiyohiyo kwenye simu yake ilikuwa inaingia bila taabu.

Nilimwomba anisomee saa iliyo pembeni chini ya skrini.

"Saa sita na dakika nane usiku," akasema. "Tarehe mosi Januari, 2009. Sasa saa na VPN vinahusiana nini, mpwa wangu?"

Vinahusiana sana. Kabla VPN haijapitisha hata herufi moja ya siri zako, kompyuta inataka kuhakikisha kwamba seva iliyo upande wa pili ndiyo yenyewe, si tapeli aliyejiweka katikati ya njia. Seva hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali, na kila cheti kina tarehe mbili: ya kuanza kutumika na ya kwisha. Chukua mfano wa trafiki barabarani anayekagua leseni kwa kalenda ya mwaka 2009. Umpe leseni iliyotolewa mwaka jana, atakuona mghushi, kwa sababu kwa hesabu yake leseni hiyo haijatolewa bado. Leseni haina kasoro. Kalenda ndiyo mbovu, ila anayekamatwa ni wewe.

Vyeti vingi vya siku hizi vina maisha mafupi. Vile vya bure vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimezoeleka kudumu siku 90 tu. Kwa hiyo saa ikirudi nyuma hata miezi minne, cheti halali kinaonekana hakijazaliwa. OpenVPN, mojawapo ya programu za VPN, huandika jambo hilo waziwazi kwenye kumbukumbu zake (faili la matukio yake), kwamba cheti bado hakijaanza kutumika, lakini nani hufungua kumbukumbu? VPN ya aina ya SSTP iliyomo ndani ya Windows hukupa namba 0x800B0101, yaani cheti kiko nje ya muda wake ukilinganisha na saa ya kompyuta. Mtu wa kawaida akiiona namba kama hiyo anafuta programu na kuiweka upya. Mjomba alikuwa ameshafanya hivyo mara mbili.

WireGuard, aina nyingine ya VPN, ina ukimya wake, nao husumbua zaidi. Kila inapobisha hodi kwa seva, hutuma pia muhuri wa wakati. Seva hukumbuka muhuri wa karibuni kuliko yote iliyowahi kuipokea kutoka kwako, na hodi yoyote yenye muhuri wa zamani zaidi huitupa bila kujibu. Sababu ni nzuri: mdukuzi aliyenasa hodi yako ya jana asiweze kuirudia leo. Lakini kompyuta iliyorudi 2009 nayo inaonekana kama mdukuzi wa namna hiyo. Kwenye skrini utaona VPN imewaka, data inatoka, na hakuna inayorudi. Siku seva ikizimwa na kuwashwa, kumbukumbu ile inafutika na mambo yanakubali ghafla, kila mtu anabaki akikuna kichwa.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Ukipanga saa kwa mkono ukakosea, ukaandika 2052 badala ya 2025, kisha ukaunganisha, seva itaukumbuka mwaka huo 2052. Ukirudisha tarehe sahihi, hodi zako zote zinakuwa za zamani. Hapo huna dawa upande wako. Aliye kwenye seva ndiye aanzishe upya huduma au akuondoe na kukuingiza tena.

Sasa kwa nini saa irudi nyuma? Ndani ya kompyuta ya mezani mna saa ndogo inayotembea hata umeme ukiwa umezimwa. Utaratibu huo ni wa tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984. Saa hiyo huhesabu mitetemo ya kipande cha kioo kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, sawa na kile cha saa nyingi za mkononi. Namba hiyo si ya kubahatisha: igawe kwa mbili mara 15, unapata moja, yaani sekunde moja. Kinacholisha saa hiyo ni betri ya CR2032, duara la kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, lenye volti 3.

Plagi ikiwa kwenye umeme, hata kompyuta ikiwa imezimwa, saa inakula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Ukizima swichi ya ukutani, betri inaubeba mzigo peke yake. Sisi huku tunaozima ukutani kila usiku kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu (na sikulaumu, nami nazima) tunaimaliza betri mapema kuliko yule mfanyakazi wa Uingereza aliyeiacha mashine kwenye plagi miaka yote. Na mashine ya mtumba inaweza kuwa imekaa muda mrefu kwenye kontena na ghala kabla hujainunua. Betri ikiisha, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) huanza kuhesabu kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani.

Utauliza: si Windows huchukua saa kutoka intaneti? Huchukua, ila ina mpaka wake. Kompyuta isiyo chini ya mtandao wa ofisi imepangiwa kukubali marekebisho yasiyozidi sekunde 54,000, yaani masaa 15, mbele au nyuma. Tofauti ikiwa ya miaka, inakataa, na kwenye Windows 7 ukilazimisha kwa kubonyeza inakuambia tarehe hazilingani, kwa usalama irekebishe wewe kwanza. Inaudhi, lakini ina mantiki: ujumbe wa saa wa kawaida kwenye intaneti hauna saini, na anayeweza kukubadilishia tarehe anaweza kukufanya ukubali cheti kilichokwisha zamani. Windows 10 iliongezewa njia ya kukisia saa kutokana na mawasiliano ya tovuti, hivyo huko ugonjwa huu unaweza kujificha. Simu ya mjomba haikuwa na tatizo kwa sababu saa yake inatoka kwenye mtandao wa simu.

Kabla hujafungua kasha la CPU, panga tarehe, mwaka, saa na eneo la saa kwa mkono, kisha jaribu VPN. Eneo la saa usilisahau: mashine iliyobaki na mipangilio ya London inaweza kukuonyesha saa mbili asubuhi kama wewe, huku hesabu yake ya ndani imepotoka kwa masaa mawili au matatu. Ikikubali, kisha kesho ikarudia 2009, basi ni betri. Dalili nyingine ni ukurasa mweusi unaokutaka ubonyeze F1 kila ukiwasha.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Ila kwanza ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, na upige picha kila ukurasa kwa simu. Hatua hii wengi huiruka, halafu mipangilio ikirudi ya kiwandani, namna ya kuunganisha diski inabadilika na Windows inagoma kuwaka. Hapo umetoka kwenye shida ya VPN umeingia kubwa zaidi. Ukishapiga picha, zima, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, shika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli wa mwilini, sukuma kishikizo na betri itaruka yenyewe. Mpya iwekwe alama ya kujumlisha juu. Muuza saa wa mtaani anazo, ni zilezile za rimoti nyingi za magari.

Kama saa iko sawa na bado VPN inagoma, fuata namba. Windows ikikupa 691, ni jina au nenosiri. 868 ni kwamba jina la seva halikupatikana. 809 mara nyingi maana yake ruta au mtandao umeziba milango ya UDP 500 na 4500, ambamo baadhi ya VPN hupitishia data. Na ukiwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Januari 2020, kuna ugonjwa unaofanana na wa saa: orodha yake ya mamlaka zinazoaminika kutoa vyeti inaweza kuwa imepitwa na wakati. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kilichokuwa kikitegemewa na Let's Encrypt kiliisha, na mashine nyingi kuukuu zisizosasishwa zikaanza kukataa seva halali. Hapo betri mpya haikusaidii. Inahitajika masasisho, na ukweli ni kwamba mjomba anahitaji mfumo mpya kabisa. Tumeshaanza kubishana juu ya hilo.

Mafaili yake tuliyapata. Folda ilikuwa imepangwa kwa tarehe, mapya juu, na ankara zote za siku zile tatu zilikuwa zimejipanga chini kabisa, zimeandikwa Januari 2009, miaka kadhaa kabla kampuni yenyewe haijanunua lori lake la kwanza.