Shaaban Robert hakuandika kitu mwaka 1968

Imeletwa tena mezani kwangu maktabani, na safari hii uvumilivu umeniishia. Kazi ya darasani ya mwanachuo, hapa hapa Dodoma, imenukuu "Robert (1968)" kisha ikajenga juu yake kurasa mbili nzima: kwamba Utubora Mkulima ni jibu la mwandishi kwa Azimio la Arusha. Hoja inavutia, sikatai. Utubora anaacha kazi ya mshahara Unguja na kwenda Busutamu kushika jembe. Azimio la Februari 1967 linahimiza kilimo na kujitegemea. Mwaka unaofuata kitabu kinatoka. Ila Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Azimio limemkuta kaburini ana karibu miaka 5.

Ukimwambia mtu hivyo atakujibu, "Lakini mkutubi, mwaka si umeandikwa kwenye kitabu?" Umeandikwa, ndiyo. Ni mwaka wa mchapaji. Unasema ni lini karatasi zilipita kwenye mashine na kushonwa. Lini mwandishi alikaa na kalamu ni habari nyingine, na mara nyingi hakuna aliyejisumbua kukuandikia.

Kwa mwandishi wa kitabu kimoja kosa hili halina madhara makubwa. Balaa linakuja kwa hawa tuliokua nao, wenye rafu nzima. Ukipanga vitabu vyao kwa miaka ya kwenye jalada unapata maisha ambayo hawakuyaishi. Kwa Shaaban Robert utapata Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952, halafu kimya cha riwaya hadi Kufikirika 1967, kisha Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zote 1968. Ndipo zinapozaliwa zile sentensi za "katika Kufikirika tunamwona mwandishi aliyepevuka zaidi kuliko katika Kusadikika". Amepevukia wapi? Mswada wa Kufikirika unatajwa kuwa wa 1946, miaka 5 kabla Kusadikika haijatoka. Na hicho "kimya" ni cha wachapishaji, si cha mwandishi.

Kitabu kinachoteswa kuliko vyote kwa kosa hili ni Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kimetoka 1967. Msomaji anaona "uhuru", anaona 1967, anafunga hesabu: huu utakuwa utenzi wa Tanganyika kudai uhuru. Wapo wanaokiandikia hivyo kwenye mtihani bila kufungua ndani. Ni utenzi wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, Hitler na Mussolini wamo. Ukifungua beti chache tu unakutana nao.

Basi mwaka unatafutwaje? Anza na ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Usichukue mwaka wa kwanza unaogonga jicho. Tafuta "ilichapwa kwa mara ya kwanza", ndio mwaka wa kutoka. Chini yake huja orodha ya chapa: chapa ya pili, ya tatu, ya nne. Chapa ni kurudiwa tu, maneno ni yale yale. Toleo ni kitu kingine: mtu amegusa maandishi, amesahihisha, ameongeza dibaji, au amepanga upya kurasa. Wauzaji wengi huita vyote viwili "toleo jipya", na ndiyo maana wanafunzi wawili wenye kitabu hicho hicho hugombana kuhusu ukurasa wa 43.

Kisha tazama ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Zilianza kutumika kimataifa kuanzia 1970. Hadi mwisho wa 2006 zilikuwa na tarakimu 10, na tangu Januari 2007 zina 13. Kwa hiyo nakala yenye namba ya tarakimu 13 inayoanza na 978 haikutoka kiwandani mwaka 1974, hata kama mwaka huo ndio pekee ulioandikwa ndani. Namba ya nchi nayo inasema (hufuata 978, au ndiyo huanza kwenye zile za tarakimu 10): 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya. Nakala isiyo na ISBN kabisa huenda ni ya kabla ya hapo, ila usiapie, wachapishaji wadogo walichelewa sana kuziweka.

Jina la mchapishaji ni ushahidi mzuri ambao watu huuruka. East African Literature Bureau ilikuwa chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, na Jumuiya hiyo ilipovunjika 1977 nayo ikaenda. Orodha yake ya vitabu ikaendelezwa Nairobi na Kenya Literature Bureau. Ndiyo sababu Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, unaikuta na jina hili la pili na mwaka wa baadaye, na mtu anakuja kuniambia eti Kezilahabi aliiandika baada ya Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975. Rosa Mistika ndiyo riwaya yake ya kwanza, jamani. Kichwamaji ikafuata 1974.

Hapa Dodoma tuna tabu yetu ya ziada, ukavu. Gundi ya mgongo wa kitabu cha jalada jepesi hukauka, hupasuka, na karatasi za kwanza ndizo huachia mapema kwa sababu ndizo hukunjwa kila kitabu kinapofunguliwa. Maana yake, ukurasa wenye mwaka ndio wa kwanza kupotea. Watu hubaki wanachukua mwaka kwenye muhuri wa shule, au ule ulioandikwa kwa kalamu na mwenye kitabu wa zamani. Muhuri unasema lini shule ilikipokea, basi. Na msibandike ukurasa ulioachia kwa selotepu! Inageuka njano, inaacha unata na kula wino. Paka gundi nyeupe ya maji, uzi mwembamba tu, upana wa milimita 3 kwenye ukingo wa ndani, kisha funga kitabu na ukikandamize kwa kitu kizito usiku kucha. Ukizidisha gundi, ukurasa wa jirani nao unanasa.

Kama ukurasa umeshapotea, au upo lakini hausaidii, nenda ndani ya maandishi. Hapa ndipo kazi ina utamu. Chukua Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ya 1966. Sehemu ya kwanza, Maisha Yangu, ilishatoka peke yake 1949. Ya pili inajitaja umri kwenye jina lenyewe, na mwandishi alizaliwa Januari 1909. Kwa hiyo hakuikamilisha kabla ya 1959, wala baada ya Juni 1962. Jalada moja lina kazi mbili zilizopishana miaka 10 au zaidi, na mwaka uliopo juu yake si wa yoyote kati ya hizo. Hapo hapo utaelewa kwa nini sijibu swali la "aliandika vitabu vingapi". Hiki tukihesabu kimoja au viwili? Wanaotoa idadi kamili kwa kujiamini huwa wamehesabu majalada.

Mathias Mnyampala, mshairi na mzee wetu wa hapa, anafaa kwa zoezi hili kuliko yeyote, na inaniuma watoto wa Dodoma wanakariri ngonjera, mashairi ya kujibizana, bila kujua nani aliyezipa umbo hilo. Historia, Mila na Desturi za Wagogo ilitoka 1954, Diwani ya Mnyampala 1963, Waadhi wa Ushairi 1965. Ngonjera za Ukuta zikaja kwa vitabu viwili, 1970 na 1971. Yeye alifariki 1969. Lakini kwake hoja ya Azimio inasimama: ngonjera inayohubiri Azimio haiwezi kuwa ya kabla ya Februari 1967, wala ya baada ya kifo chake. Una dirisha la miaka miwili na kitu. Mwanachuo wangu angechukua Mnyampala badala ya Utubora, angepata alama zake bila ugomvi.

Riwaya za upelelezi hazinisumbui. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, unaweza kumwanzia kokote. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la 1957–58 na kutoka 1960, Kisima cha Giningi ikafuata 1968, na ukizigeuza hupotezi kitu. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeanza kusoma: mpe kilichopo, asisubiri "cha kwanza".

Kuna jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita kimya. Kazi iliyotoka baada ya kifo imepitia mkono wa mhariri ambaye mwandishi hakuweza kumjibu. Tunapochambua neno moja moja la Kufikirika au Siku ya Watenzi Wote kana kwamba kila nukta ni yake, sina hakika tunamchambua yeye peke yake. Kusadikika aliiona ikiwa kitabu, hizo hakuziona. Nadhani uchambuzi wa kila upande ungepaswa kupimwa tofauti, ingawa katika maswali ya mtihani sijaona tofauti hiyo ikiulizwa.

Sasa kuhusu ile nukuu. "Robert (1968)" kwenye marejeo iache, ndiyo nakala uliyoshika. Kwenye sentensi yako andika "iliyochapwa 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki", halafu uone hoja ipi inabaki imesimama. Ya kwamba Shaaban alijibu Azimio itaanguka. Ya kwa nini mchapishaji aliona 1968 ndio wakati wa kuutoa mswada wa mtu anayerudi shambani, hiyo itabaki, na hiyo ndiyo yenye kustahili kurasa mbili.