Je, wajua? Liverpool walivyowapika makocha wao kwenye stoo ya njumu

Hivi ushawahi kujiuliza imekuwaje kocha Bill Shankly anaondoka Liverpool 1974, mashabiki wamechanganyikiwa, halafu msaidizi wake Bob Paisley anachukua timu na anabeba Kombe la Ulaya, ambalo siku hizi ni Ligi ya Mabingwa, mara 3 (1977, 1978 na 1981), akitoka yeye anaingia Joe Fagan, naye msaidizi tu, na msimu wake wa kwanza anachukua ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Ulaya la 1984?

Jibu lilikuwa kwenye kachumba kadogo pale Anfield, uwanja wao, stoo ya kuwekea njumu, wenyewe wakikaita Boot Room. Shankly alipofika Desemba 1959, timu ikiwa daraja la pili, hakufukuza makocha aliowakuta, na hao ndo wakaigeuza ile stoo kijiwe chao. Wanakalia makreti, chai ipo, bia ipo, wanachambua mechi: nani kachoka, zoezi gani halijasaidia, bao lile limeingiaje. Shankly mwenyewe hakuwa anaingia sana, na mimi naona hapo ndo penyewe, maana bosi akiwa amekaa pembeni yako utasema kweli kwamba leo nimekosea?

Halafu waliandika. Fagan alikuwa na madaftari yake, mazoezi ya kila siku, majeruhi, mpaka hali ya hewa, kwa hiyo tatizo likijirudia wanafungua la msimu uliopita wanaona walifanya nini.

Hata makocha wa timu pinzani walikaribishwa, mechi ikiisha njoo upate kinywaji, stori zinaanza, na mpaka mgeni anaaga wenyeji wameshaokota mengi.

Sasa angalia Novemba 1973. Kwenye Kombe la Ulaya, Red Star Belgrade ya Yugoslavia walishawafunga 2-1 kwao, wakaja Anfield wakawafunga 2-1 tena. Jamaa wakakaa stoo, safari hii na Shankly, wakakubaliana kwamba beki mgumu wa kubutua tu kwa Ulaya hatoshi, mpira uanzie nyuma kwa pasi. Phil Thompson, aliyekuwa kiungo, akarudishwa beki wa kati. Mei 1977, kule Roma, Kombe la Ulaya la kwanza likapatikana.

Stoo yenyewe ilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupisha chumba cha waandishi wa habari, na Roy Evans, aliyepewa timu 1994, alikuwa mmoja wa waliokalia yale makreti.